Kuwafikia wasichana wote kwa chanjo ya HPV: walio shuleni na walio nje ya shule

Orodha nyingi za chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi, huanzia kwenye daftari la mahudhurio la shule. Ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu wasichana wengi wa miaka 9 hadi 14 nchini Tanzania wamo madarasani, lakini daftari hilo lina upungufu usioonekana kwa urahisi: msichana ambaye hakuwahi kuandikishwa, au aliyeacha masomo akiwa darasa la tatu, hahesabiwi hata miongoni mwa waliokosa. Zahanati inaweza kumchanja kila aliyeandikwa, ikatuma taarifa nzuri wilayani, na bado ikawa imewaacha wale ambao mara nyingi huolewa mapema na ambao baadaye huwa mbali zaidi na huduma za uchunguzi wa saratani hiyo. Mwongozo huu ni kwa muuguzi wa zahanati, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mwalimu wa afya na mtendaji wa kijiji au mtaa. Msingi wake ni kwamba hesabu ya walengwa ianzie kitongojini, na shule ihesabiwe kuwa sehemu mojawapo ya kitongoji.

Chanjo yenyewe na walengwa wake

Saratani ya mlango wa kizazi huua wanawake wengi Tanzania kuliko saratani nyingine yoyote. Makadirio ya mwaka 2020 yalionyesha wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 na vifo zaidi ya 6,500 kwa mwaka mmoja. Karibu wote huugua kutokana na maambukizi ya muda mrefu ya kirusi cha HPV, na aina mbili za kirusi hicho, yaani ya 16 na ya 18, husababisha takriban asilimia 70 ya saratani hizo. Kirusi huenezwa kwa kujamiiana, na chanjo huzuia maambukizi mapya bila kutibu yale yaliyokwisha kuingia mwilini. Kwa hiyo hutolewa utotoni, kabla msichana hajakutana nacho.

Tanzania ilianza na mradi wa majaribio mkoani Kilimanjaro mwaka 2014, ikaieneza nchi nzima Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili zilizopishana miezi sita. Aprili 2024 utaratibu ulibadilika, na kampeni ya kitaifa ikawachanja wasichana wa miaka 9 hadi 14 kwa dozi moja. Ushahidi uliowezesha mabadiliko hayo ulipatikana kwa kiasi kikubwa hapa hapa Afrika Mashariki. Jijini Mwanza, utafiti uitwao DoRIS uliwafuatilia wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 waliopewa dozi moja, mbili au tatu, na nchini Kenya utafiti wa KEN SHE ulionyesha kwamba dozi moja iliwakinga vizuri sana wanawake vijana dhidi ya aina 16 na 18. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likakubali ratiba ya dozi moja kwa wasichana wa rika hili.

Kwa anayewatafuta wasichana walio nje ya shule, mabadiliko hayo ni makubwa kuliko yanavyoonekana kwenye waraka. Zamani msichana wa jamii ya wafugaji aliyechanjwa mnadani mwezi wa tatu alitakiwa apatikane tena mwezi wa tisa, wakati familia yake imekwisha kuhama na mifugo. Sasa ukimpata mara moja umemaliza. Wapo wanaoendelea kuhitaji dozi zaidi, nao ni wasichana wanaoishi na virusi vya UKIMWI na wengine wenye upungufu wa kinga, ambao Shirika la Afya Duniani linashauri wapate angalau dozi mbili, na tatu inapowezekana. Mahali pa kuwahudumia hao ni kliniki ya tiba na matunzo wanakochukulia dawa, kwa ratiba inayopangwa na mtoa huduma wao. Shuleni wapange foleni na wenzao kama kawaida, asiwepo anayeitwa pembeni wala kuulizwa lolote mbele ya darasa, kwa sababu siri ikivuja siku hiyo haitarudishika.

Kutengeneza orodha ya kitongoji

Anza angalau mwezi mmoja kabla ya siku ya chanjo. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii apite kaya kwa kaya akiwa na mwenyekiti wa kitongoji au mjumbe wa shina, na aulize swali lililo wazi: ni wasichana wangapi wenye miaka kati ya 9 na 14 wanaolala katika nyumba hii? Neno «wanaolala» lina kazi yake. Ukiuliza «watoto wako ni wangapi», mama atahesabu aliowazaa, na binti wa kazi aliyetoka mkoa mwingine, mpwa aliyeletwa kulea mtoto na mjukuu aliyeachwa kwa bibi hawatatajwa kabisa.

Orodha hiyo ilinganishwe na kumbukumbu nyingine. Daftari la uandikishaji la shule ni muhimu hapa kuliko daftari la mahudhurio: chukua majina ya wasichana walioandikishwa darasa la kwanza miaka mitano au sita iliyopita, kisha uangalie ni wangapi wamo leo katika darasa walilopaswa kuwa. Wale wasioonekana wamehama, wamefariki au wameacha shule, na mwalimu aliyekaa muda mrefu kituoni mara nyingi anajua ni lipi kati ya hayo. Angalia pia madarasa ya MEMKWA (mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa), vituo shikizi vya shule, na rejesta za kliniki ya watoto za miaka ile, kwa kuwa mtoto aliyechanjwa surua hapo kijijini alikuwepo, hata kama shule haikumwona.

Halafu waulize wasichana wenyewe. Kwa maoni yangu hii ndiyo njia yenye tija kubwa na inayotumiwa kwa uchache mno. Wasichana wa darasa la tano wanawajua wenzao wa rika lao wanaochota nao maji, wanaocheza nao jioni, na ambao hawaji shuleni. Mwalimu wa afya, baada ya kueleza chanjo, aombe kila msichana afikirie rafiki au ndugu wa umri wake asiyesoma, kisha amweleze faraghani anakoishi. Jambo hili lifanywe kwa upole, bila kuwafanya wajione wanamshtaki mtu.

Lipo jambo moja linaloweza kuharibu kazi yote ya orodha, nalo ni kuichanganya na msako wa watoro. Mzazi asiyempeleka mtoto shule anaweza kuchukuliwa hatua za kisheria, na anapomwona mtendaji akija na mgambo na karatasi yenye majina ya watoto, atamficha binti yake, na ana sababu. Orodha ya chanjo itunzwe na zahanati. Mtendaji na mwenyekiti wasaidie kufungua milango, lakini karatasi ikae mkononi mwa mhudumu wa afya, na wananchi waelezwe waziwazi kwamba majina hayo hayatatumika kwa kazi nyingine. Ahadi hiyo itekelezwe. Msichana anayetaka kurudi masomoni asaidiwe kwa njia nyingine na siku nyingine.

Wako wapi?

Walio nje ya shule si kundi moja, na kila aina yao ina mlango wake.

Mijini, wengi ni mabinti wa kazi za ndani. Hawatoki mchana, hawana simu, na ruhusa yao iko kwa mwenye nyumba. Zungumza na mwajiri kwanza, kwa heshima, bila kuanza na hoja ya ajira ya watoto hata kama inakuuma moyoni. Ukianza hapo mlango utafungwa na binti hatachanjwa. Mweleze kwamba chanjo ni ya kila msichana wa umri huo anayeishi katika mtaa, wakiwemo wanawe. Muda unaofaa ni Jumamosi mchana au Jumapili baada ya ibada, na kituo kiwe karibu, kwa mfano ofisi ya serikali ya mtaa. Wazazi wakiwa mbali, mwajiri anaweza kuwapigia simu, na mhudumu akawaeleza mwenyewe.

Kwa wafugaji, kama Wamasai na Wabarbaig, fuata ratiba ya mnada na ya maji. Siku ya mnada familia nyingi hukutana mahali pamoja, lakini wasichana wenyewe huenda wakabaki bomani. Kwa hiyo mnada ufae kwa kuzungumza na wazee na akina mama, na chanjo ipelekwe bomani au kwenye kisima siku inayofuata, mapema, kabla mifugo haijatoka. Laigwanani, yaani kiongozi wa kimila wa Wamasai, akikubali mbele ya watu, kazi iliyobaki ni ya kutembea tu.

Kwenye mialo na madago ya wavuvi, machimboni na kwenye mashamba ya msimu, watu huja na kuondoka. Huko orodha ya mwezi uliopita imekwisha kupitwa na wakati, na ni bora kuunganisha chanjo ya HPV na huduma ya mkoba ya watoto wadogo (ile ambayo wahudumu huipeleka kwa wananchi) iliyokwisha kupangwa, kwani mama anayeleta mtoto mchanga kupimwa uzito mara nyingi amefuatana na binti mkubwa anayembeba mdogo wake. Muuguzi aangalie nani amembeba mtoto.

Wapo pia waliokwisha kuwa mama. Msichana wa miaka 14 anayenyonyesha anaweza kuchanjwa, na kliniki ya mama na mtoto ndipo anapopatikana. Aliye mjamzito husubiri hadi ajifungue, ingawa akichanjwa bila kujua kwamba ni mjamzito hakuna haja ya hofu wala hatua yoyote dhidi ya ujauzito. Usimpime ujauzito mtu yeyote kwa ajili ya chanjo hii. Tangu Novemba 2021 wasichana waliojifungua wanaruhusiwa kurudi katika shule za serikali, kwa hiyo wengine utawakuta darasani, na hawapaswi kutofautishwa na wenzao.

Wasichana wenye ulemavu waliofungiwa ndani ni wachache kwa idadi, lakini ndio wanaosahaulika zaidi. Wao wachanjwe nyumbani.

Shuleni: maandalizi na siku yenyewe

Panga tarehe na walimu wakuu na afisa elimu kata. Epuka wiki za mtihani wa darasa la saba mwezi Septemba na upimaji wa darasa la nne mwezi Oktoba, likizo za Juni na Desemba, na kwa maeneo yenye barabara mbaya, kilele cha masika. Pwani na Zanzibar, mwezi wa Ramadhani ni bora uachwe: msichana mwenye njaa huzirai kwa urahisi anapochomwa sindano, na hutaki kumweka mzazi katika mashaka juu ya saumu ya mwanawe.

Utafiti uliofanywa katika shule za msingi mkoani Mwanza kuanzia mwaka 2010 ulilinganisha njia mbili, kuwachanja wasichana wote wa darasa la sita na kuwachanja waliozaliwa mwaka mmoja, na njia ya darasa ilifikia wasichana wengi zaidi kidogo. Sababu inaeleweka kwa yeyote aliyefundisha: katika darasa moja kuna watoto wa miaka tofauti, wengi hawana cheti cha kuzaliwa, na ukitangaza «wenye miaka fulani waje», wengine hujificha na wengine hujiongezea. Hata sasa ambapo walengwa ni wa miaka 9 hadi 14, nenda darasa kwa darasa, kuanzia la tatu hadi kidato cha pili, ita wasichana wote kwa majina, kisha hakiki umri wa kila mmoja. Pasipo cheti, tumia kadi ya kliniki, umri wa ndugu anayemfuata, au tukio linalokumbukwa na familia.

Wazazi waelezwe kabla, kwenye mkutano wa kijiji, kwenye kikao cha kamati ya shule na kwa barua fupi ya Kiswahili chepesi, kwa kufuata utaratibu wa ridhaa ulioelekezwa na halmashauri. Mzazi asisikie habari ya sindano kwa mara ya kwanza kutoka kwa mtoto aliyerudi na mkono unaouma.

Chanjo hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za sentigredi na huharibika ikiganda. Kosa la kawaida la safarini ni kuweka kwenye kibebeo pakiti za barafu zilizotoka moja kwa moja kwenye jokofu la kugandisha. Ziache nje kwanza hadi zitoe jasho na barafu isikike ikicheza ndani unapozitikisa. Kagua kiashiria cha joto kwenye kila kichupa. Kipimo ni mililita 0.5, kwenye msuli wa juu ya mkono, kwa sindano inayojifunga yenyewe baada ya kutumika, na sindano iliyotumika iingie moja kwa moja kwenye sanduku la usalama.

Chumba cha chanjo kiwe na mlango wa kuingilia na wa kutokea, ili wanaosubiri wasione sindano wala machozi. Hakikisha wamekula, shule yenye uji ichanje baada ya uji. Kila msichana akae chini anapochomwa, na abaki ameketi dakika 15 chini ya uangalizi wa mwalimu. Mmoja akizirai mbele ya wenzake, wengine huanza kuhisi kizunguzungu, na kufikia jioni kijiji kizima kitakuwa kinasema chanjo imewaangusha watoto. Akianguka mtu, mlaze, mwinue miguu, waondoe watazamaji, na uzungumze kwa sauti ya kawaida. Adrenalini na maelekezo ya dharura viwe mezani kwa ajili ya mzio mkali, ambao ni nadra sana. Waambie wote mapema kwamba mkono unaweza kuuma au kuvimba kidogo, na kwamba homa ndogo au kichwa kuuma huisha kwa siku chache. Waambie pia kwamba aliye katika hedhi anaweza kuchanjwa; wapo wanaokimbia kwa sababu hiyo tu, na hawatasema.

Maswali ya wazazi

Swali litakaloulizwa kila mahali ni kama chanjo inafunga kizazi. Usilicheke na usimkaripie anayeliuliza, kwa sababu linatoka kwa mzazi anayewaza wajukuu wake. Jibu ni kwamba chanjo hii imetumika duniani tangu mwaka 2006, katika nchi zaidi ya 100, na wataalamu wa usalama wa chanjo wa Shirika la Afya Duniani waliochunguza suala hilo hawakuona ushahidi kwamba inaleta ugumba. Ongeza linalosahaulika: saratani hii yenyewe ndiyo inayomwondolea mwanamke kizazi, kwa upasuaji na mionzi, pale anapobahatika kupona. Kauli hiyo ina nguvu zaidi ikisemwa na mama aliyemuuguza ndugu yake, na karibu kila kata ina mtu kama huyo aliye tayari kuzungumza akiombwa vizuri.

Wengine huuliza kwa nini wasichana peke yao. Waeleze kwamba wavulana nao huambukizwa, na baadhi ya nchi huwachanja, lakini sisi tumeanza na wanaokufa kwa wingi. Wengine husema chanjo itawapa mabinti ruhusa ya kuanza mambo ya kikubwa. Jibu ni fupi: mtoto wa miaka 9 anapewa kinga ya saratani atakayoweza kukutana nayo akiwa mke na mama, na mafunzo ya maadili yanabaki mikononi mwa wazazi kama yalivyokuwa. Mzazi akikataa, andika «amekataa kwa sasa», mwachie nafasi, na umtume tena mtu mwingine anayeaminiwa naye, awe imamu, katekista au jirani ambaye binti yake amechanjwa.

Kufuatilia waliobaki

Jioni ya siku ya shule, kabla ya kuondoka, kaa na mwalimu mpitie majina ya wasiohudhuria. Hao ni wasichana walioko kati ya shule na nyumbani, wagonjwa, wanaovuna, wanaolea, na wengi wao ndio watakaoacha shule mwakani. Wapangiwe siku ya pili ndani ya wiki mbili, katika zahanati na katika kituo cha mtaani, pamoja na wale wa orodha ya kitongoji. Rwanda, iliyotangulia nchi nyingine za Afrika kuanzisha chanjo hii kitaifa mwaka 2011, ilifanya hivyo: shule ilibeba walio wengi, na wahudumu wa jamii wakawafuata waliokosa na wasioandikishwa, na kiwango cha chanjo kilipita asilimia 90.

Kwenye karatasi ya kujumlishia, tenga safu ya walio nje ya shule. Bila safu hiyo namba zote huchanganyika, na mratibu wa chanjo wa halmashauri hawezi kujua ni kata ipi iliyowafikia na ipi iliyochanja darasani tu. Kila msichana apewe kadi, na jina lake liandikwe kwenye rejesta ya zahanati pamoja na kitongoji na jina la mlezi, kwa kuwa kadi ya binti anayehama nyumba kwa nyumba hupotea mapema.

Kisha orodha ya kitongoji irudi kabatini zahanati ikiwa na alama kwa kila jina: aliyechanjwa, aliyekataa, aliyehama, anayesubiri kujifungua, asiyepatikana. Msichana wa miaka 8 aliyeandikwa wakati wa kupita kaya kwa kaya asifutwe. Jina lake liwekwe kwenye ukurasa wa mwakani, na mhudumu wa kitongoji hicho apewe nakala.